Kipeuo cha 72

Tabata, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Sisi huku hatujambo, mama na wadogo zako wanakusalimu sana. Daftari la hisabati uliloliacha nyumbani nimelipitia lote, na naona vipeuo vya pili, yaani alama √ inayouliza ni namba gani ikijizidisha yenyewe inatoa ile iliyo ndani, ndivyo vinavyokusumbua.

Umeandika √(9 + 16) = 3 + 4 = 7. Hapana, mwanangu. Jumlisha kwanza: 25, na kipeuo chake ni 5. Sisi mafundi vigae, kabla ya kupanga kigae cha kwanza, tunapima mita 3 ukuta huu, mita 4 ukuta ule, kisha tunavuta futi kamba toka alama hadi alama. Ikisoma mita 5, kona iko skwea, yaani nyuzi 90 kamili. Ili isome 7, kuta zote mbili zingebidi zilale kwenye mstari mmoja, na hapo kona haipo tena!

Kuzidisha ndiko kunakoruhusu kutenganisha. Kwenye √72, yaani √(9 × 8), ulitoa 9 ukapata 3√8, ukaishia hapo. Hujakosea, ila hujamaliza, kwa sababu ndani ya 8 bado kuna 4. Tafuta namba ya mraba iliyo kubwa kuliko zote inayoigawa 72 bila baki, yaani 36: √36 × √2 = 6√2. Usipoiona upesi, vunja kwa namba tasa: 2 × 2 × 2 × 3 × 3. Jozi ya 2 inatoa 2 nje, jozi ya 3 inatoa 3, na ile 2 isiyo na mwenzake inabaki ndani.

Tena usikimbilie kalkuleta. 8.485 ni makadirio tu, 6√2 ndiyo jibu kamili. Halafu tazama √50 + √18 − √8. Hazifanani hata kidogo, lakini zikirahisishwa ni 5√2 + 3√2 − 2√2, jumla 6√2. Mimi hapo hufurahi kila mara. √2 + √3 ziache zilivyo, haziungani.

Kwenye herufi, √(x²) ni x pale tu x isipokuwa hasi. Jaribu −3: mraba wake 9, kipeuo 3, si −3.

Nifanyie haya: √200 − √98, na √(48x²) ikiwa x ni chanya. Andika hatua zote, umpe mjomba akija kukuona Jumapili. Nitasahihisha mwenyewe.

Baba yako