Risala kwa Mgeni Rasmi: Mhamiaji wa Ethiopia na Mhamiaji wa Kanada Nchini Marekani, Tunawapima kwa Mizani Ipi?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wazee wetu, viongozi wa dini, akina mama na akina baba,
Vijana wetu, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuketi nasi. Risala hii imeandaliwa na kamati ya elimu na takwimu ya umoja wetu wa wahamiaji wazungumzao Kiswahili wa Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia. Historia ya umoja umeshakabidhiwa kwenye bahasha, kwa hiyo hatutaisoma. Tutasoma jambo moja linalozungumzwa sana vikaoni na ambalo, kwa maoni yetu, linazungumzwa vibaya: kwa nini wahamiaji kutoka Kanada wanaonekana wamefanikiwa katika nchi hii, ilhali majirani zetu kutoka Ethiopia, tunaopanga nao nyumba Silver Spring na Alexandria, wanaonekana wamebaki nyuma. Vijana wetu wanasikia majibu mepesi, na majibu hayo yanawaumiza, kwa sababu wanajua sisi tuko upande gani wa ulinganisho huo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tofauti ipo na hatuifichi. Watu waliozaliwa Kanada na wanaoishi Marekani ni kama laki nane. Karibu nusu ya watu wazima wao wana shahada ya kwanza au zaidi, wakati kwa wahamiaji wote kwa jumla ni kama theluthi moja. Kwa upande wa Waethiopia, uchambuzi wa taasisi ya Migration Policy Institute wa mwaka 2014 uliwahesabu wahamiaji pamoja na watoto wao ukapata kama 251,000. Ulikuta kaya yao ya katikati, yaani ile inayoangukia katikati ukizipanga kaya zote kuanzia yenye kipato kidogo hadi yenye kikubwa, inapata kama dola 36,000 kwa mwaka. Kaya ya katikati ya Marekani nzima ilikuwa ikipata kama dola 50,000. Lakini uchambuzi huohuo ulionyesha kwamba Waethiopia walikuwa kazini kwa kiwango kikubwa kuliko Wamarekani kwa jumla. Mtu anafanya kazi kuliko jirani yake na bado anapata kidogo. Hapo uvivu hauwezi kuwa jibu, na wala mila haziwezi.

Jibu letu ni mlango. Mlango ambao mhamiaji ameingilia unaamua kazi yake ya kwanza, na kazi ya kwanza inavuta miaka kumi inayofuata.

Mlango wa Mkanada ulifunguliwa vizuri tarehe 1 Januari 1994, mkataba wa biashara huria wa Amerika ya Kaskazini ulipoanza kazi, na mkataba ulioufuata tarehe 1 Julai 2020 haukuufunga. Mhandisi, mhasibu au muuguzi aliye raia wa Kanada anafika mpakani na pasipoti, cheti cha taaluma na barua ya mwajiri wa Marekani inayotaja kazi, mshahara na muda. Hapiti ubalozini kuomba viza. Ofisa wa mpakani ndiye anayeamua, kwa kawaida siku ileile, na kibali ni cha hadi miaka 3, kinaongezwa. Kina kasoro zake: mwenzi anayemfuata haruhusiwi kuajiriwa kwa kibali hicho, na ni kwa raia tu, kwa hiyo Mwethiopia mwenye makazi ya kudumu ya Toronto hawezi kukitumia mpaka awe raia wa Kanada. Ila tazama mpangilio wake: kazi kwanza, safari baadaye.

Mlango wa Mwethiopia umekuwa kinyume chake. Sheria ya uhamiaji ya 1924 iliipa Ethiopia nafasi 100 tu kwa mwaka, wakati Wakanada hawakuwekewa idadi yoyote. Baada ya Derg, yaani utawala wa kijeshi, kutwaa madaraka mwaka 1974 watu walikimbilia Sudan, na Sheria ya Wakimbizi ya 1980 ndiyo iliyowaleta hapa kwa wingi. Mkimbizi alipokewa na shirika kwa msaada wa siku 90, na aliingia akiwa na deni la nauli ya ndege. Deni hilo halina riba, lakini huanza kulipwa miezi sita baada ya kufika. Kisha sheria ya 1990 ikaleta bahati nasibu ya viza, iliyoanza kutoa viza mwaka wa fedha 1995, na Waethiopia wakawa miongoni mwa walionufaika zaidi. Mshindi anatakiwa awe amemaliza sekondari, au awe na uzoefu wa miaka 2 katika kazi inayohitaji mafunzo ya muda kama huo. Kwa hiyo anakuja akiwa amesoma, lakini hana mwajiri anayemsubiri, hana shirika la kumpokea, na kwa sheria ya 1996 anasubiri miaka 5 kabla ya kustahili misaada mingi ya serikali kuu. Kodi ya nyumba haisubiri. Anachukua kazi iliyo karibu: maegesho ya magari, teksi, usafi wa hoteli, kutunza wazee.

Anayedhani Wakanada wamezaliwa na bahati, tunamwomba arudi nyuma kidogo. Kati ya 1840 na 1930 watu wapatao 900,000 wenye asili ya Kifaransa waliondoka Quebec kuja viwanda vya nguo vya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani: Lowell, Fall River, Woonsocket, Manchester. Waliishi kwa msongamano mitaa iliyoitwa Kanada Ndogo, watoto wakifanya kazi viwandani, na wenyeji wakiwasema kwa dini yao na lugha yao. Benki hazikuwajali. Mwaka 1908, katika parokia ya Mtakatifu Maria mjini Manchester, New Hampshire, walianzisha chama cha akiba na mikopo wakisaidiwa na Alphonse Desjardins, aliyekuwa ameanzisha chake Lévis, Quebec, mwaka 1900. Hicho ndicho chama cha kwanza cha aina hiyo Marekani, yaani SACCOS ya kwanza ya nchi hii ilianzishwa na vibarua wahamiaji kutoka Kanada. Mkanada wa mwaka 1908 ndiye angepaswa kulinganishwa na Mwethiopia wa 1985. Wa leo, aliyevuka daraja la mpakani la Windsor na barua ya kazi mfukoni, ni mtu mwingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna neno pia kuhusu namna ya kuhesabu, maana hapa ndipo wengi wetu tunapotegwa. Idara ya sensa ya Marekani hupeleka dodoso lake la kila mwaka kwenye anwani kama milioni 3.5, na jedwali la nchi za kuzaliwa, lenye namba B05006, linapatikana bure. Lakini jedwali linauliza umezaliwa wapi, basi. Aliyezaliwa Addis Ababa, akawa raia wa Kanada, kisha akahamia Seattle, anahesabiwa Mwethiopia. Mtoto wake aliyezaliwa Calgary anahesabiwa Mkanada. Aliyezaliwa Asmara kabla Eritrea haijawa huru mwaka 1993 anaweza kujiandika huku au kule. Na idadi ikiwa ndogo, kama ya kaunti moja, takwimu za mwaka mmoja zinayumba. Tumia za miaka mitano, na soma safu ya pili inayoonyesha kiwango cha kukosea. Ikiwa tofauti ya makundi mawili ni ndogo kuliko kiwango hicho, usiitangaze.

Umri nao unadanganya. Umri wa katikati wa Wakanada walioko hapa umepita miaka 50, na wengi wamestaafu. Waethiopia wengi wako katika miaka ya kufanya kazi. Kwa hiyo ukilinganisha asilimia ya walio kazini, Mwethiopia anaonekana bora. Ukilinganisha mali, Mkanada aliyemaliza mkopo wa nyumba zamani yuko mbali, hata kama kipato chake cha mwaka ni cha pensheni. Kipato cha kaya ni mtego mwingine. Tuchukue mfano wa kubuni: kaya ya watu watano ambamo watatu wanapata dola 30,000 kila mmoja ina dola 90,000. Kaya ya wastaafu wawili ina dola 60,000. Ya kwanza inaonekana tajiri, lakini kwa kila kichwa ni dola 18,000 dhidi ya 30,000. Linganisha watu wa rika moja, waliofika kipindi kimoja, wenye elimu moja na walioingilia mlango unaofanana. Ukifanya hivyo pengo linapungua. Sehemu inayobaki ndiyo ya kushughulikia, na kwa uzoefu wa kamati sehemu kubwa yake iko kwenye vyeti.

Muuguzi wa Ontario na muuguzi wa Marekani wanafanya mtihani uleule tangu Januari 2015. Muuguzi wa Addis Ababa anafika kwenye mtihani huohuo baada ya cheti chake kutathminiwa, na tathmini inadai matokeo yatumwe na chuo chenyewe, si na mwenye cheti. Chuo kikiwa kimebadilishwa jina au kuunganishwa na kingine, barua hurudi. Halafu yako majina. Waethiopia kwa desturi hawana jina la ukoo: kuna jina lako, la baba na la babu. Fomu za Marekani hulichukua jina la mwisho lililoandikwa, hivyo pasipoti yenye majina matatu inampa mtu jina la babu, na cheti chenye mawili kinampa la baba. Mtathmini anaona watu wawili tofauti na faili linasimama. Wengi wetu tunalijua tatizo hili kwa miili yetu, maana majina yetu nayo yamejengwa hivyohivyo.

Kalenda inaongeza ugumu. Mwaka wa Ethiopia una miezi 13 na huanza Septemba 11, au 12 katika baadhi ya miaka. Uko nyuma kwa miaka 7 kuanzia Septemba hadi Desemba, na kwa miaka 8 kuanzia Januari hadi mwaka mpya wao. Tarehe 10 Meskerem 1985 ni tarehe 20 Septemba 1992. Mfasiri asiyejua akiandika 1985 kama ilivyo, mtu anazeeshwa miaka saba, na tarehe hiyo ikishaingia kwenye makazi ya kudumu inatakiwa kusahihishwa kila mahali. Saa zao ni kama zetu, saa moja asubuhi ni kama saa moja baada ya jua kuchomoza, kwa hiyo hata cheti cha kuzaliwa chenye saa kinahitaji jicho. Tiba yake ni rahisi ikifanywa mapema: tafsiri ibebe kalenda zote mbili, na kiapo cha majina yote ya mtu kiandaliwe kabla faili halijafunguliwa.

Kwa jamii, Waethiopia wamejenga mambo ambayo Wakanada wa leo hawana haja nayo. Huko Arlington kuna shirika la Ethiopian Community Development Council (ECDC), lililoanza mwaka 1983 kwa ajili ya Waethiopia na sasa linahudumia wahamiaji wa mataifa mengi, likiwa na tawi la kukopesha wafanyabiashara wadogo. Sheria ya lugha ya jiji la Washington ya 2004 imekipa Kiamhari nafasi katika ofisi za jiji. Wana idir, ambayo ni kufa na kuzikana kama yetu, na equb, ambao ni upatu. Watu 20 wakitoa dola 500 kila mwezi, kila mwezi mmoja anaondoka na dola 10,000, kwa kura na kwa wadhamini. Teksi na migahawa mingi imeanza hivyo. Equb huharibika pale aliyepokea mwanzoni anapohama jimbo kabla ya kumaliza kutoa, ndiyo maana mgeni hupewa zamu za mwisho. Kasoro kubwa zaidi haionekani: miaka kumi ya kulipa bila kukosa haiandikwi popote, na benki ya mkopo wa nyumba humwona mtu huyo kama aliyeingia nchini jana. Mkanada, kwa upande wake, anaweza kukuta benki inayofanya kazi pande zote za mpaka ikikubali kumbukumbu zake za mikopo za nyumbani. Hata pensheni yake ina daraja: mkataba wa Marekani na Kanada wa 1984 unamruhusu kuunganisha miaka aliyochangia nchi zote mbili. Ethiopia haina mkataba kama huo. Nchi zetu pia hazina.

Uraia pia. Kanada inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu 1977, Ethiopia hairuhusu, ila tangu 2002 inatoa kitambulisho cha watu wa asili yake, maarufu kama kadi ya njano. Ungetegemea Wakanada ndio waharakie uraia wa Marekani, kwa kuwa hawapotezi kitu. Lakini wengi wao hukaa miaka mingi bila kuomba: wazazi wao wanakuja kuwatembelea bila viza. Mwethiopia anajua kwamba mwenye makazi ya kudumu hawezi kumwombea mzazi wake makazi, raia anaweza. Mama yuko Gondar, na hilo linatosha kumpeleka kwenye kiapo cha uraia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni matatu. Tunaomba utusaidie kupata chumba na mashine ya skana kwa Jumamosi mbili kila mwezi, ili wanaofika wapitiwe vyeti, majina na tarehe ndani ya siku 90 za mwanzo. Wataalamu wa kujitolea tunao, wakiwemo wauguzi na wahasibu, na majirani zetu Waethiopia watakaribishwa meza hiyohiyo. Pili, tunaomba utuombee kikao na chama cha akiba na mikopo kilichosajiliwa, ili michango ya upatu wetu ipitie huko kama mikopo midogo isiyo na riba na iripotiwe kwenye kumbukumbu za mikopo. Shirika la Mission Asset Fund la San Francisco linafanya hivyo, na utaratibu wake tumeuambatisha. La tatu ni sensa ya tarehe 1 Aprili 2030. Sensa ya 2020 ilitoa nafasi ya kuandika asili yako chini ya kisanduku cha mtu mweusi. Waethiopia walioiandika walizidi laki tatu, na kwa sababu hiyo leo wanaonekana katika takwimu. Tunaomba sauti yako iwaambie wetu waandike nchi zao, wasiishie kwenye neno Afrika.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Elimu na Takwimu