Heri ya Krismasi kutoka huku kwenye miamba

Tumsifu Yesu Kristo! Wanajumuiya wenzangu, na jamaa zangu mlioko Ukerewe na Sengerema, heri ya Krismasi.

Mvua imeosha mawe ya Mabatini, hapa Mwanza, mpaka yanang'aa, na kila asubuhi nikiyatazama naikumbuka picha ya Mtakatifu Yeronimo aliyoichora Leonardo da Vinci. Nimebandika nakala yake juu ya meza ninapochorea mabango. Mzee amepiga magoti miambani, mkono wa kulia kaunyoosha nyuma, umeshika jiwe la kujipigia kifua. Mbele yake kalala simba.

Leonardo aliianza mnamo 1480 hivi, hakuimaliza. Huyo simba ni mistari mitupu, utadhani mchoraji kaitwa kula. Kichwa, shingo na bega ndivyo vilivyoshughulikiwa: mishipa imesimama, mashavu yamebonyea, vivuli vinapanda polepole kutoka kwenye rangi ya kahawia ya chini. Sisi wa mabango huanza na mandhari, sura tunaiweka mwisho. Yeye kaanza na maumivu. Juu kushoto, penye anga, zimebaki hata alama za vidole vyake alivyolainishia rangi mbichi.

Watu husema ni picha ya toba. Sawa, lakini mimi naona uchovu zaidi. Jiwe halijarudi kifuani. Mkono umefika mwisho wake, na mdomo uko wazi kidogo, kama wa mtu mwenye neno la kusema kwanza. Aliyewahi kusimama mwaloni Kirumba alfajiri, wavuvi wakirudi na usiku mzima mabegani, ile shingo anaijua.

Mtauliza mzee wa jangwani na Noeli wapi na wapi. Yeronimo alihamia Bethlehemu mwaka 386, akakaa huko akiendelea kutafsiri Maandiko kwa Kilatini, mpaka alipofariki mwaka 420. Sisi horini tunakwenda mara moja kwa mwaka. Yeye alikuwa jirani.

Pazia la hori la kigango mwaka huu nimelichora mimi. Ngamia mmoja bado hana miguu, basi msinicheke siku ya mkesha. Baada ya misa piteni nyumbani: sato wa kuchoma wapo, na mama watoto ameahidi pilau.