Mwanafunzi wa fildi asiishie kuosha mapipa ya bia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja linalowahusu wamiliki wa viwanda vidogo vya bia, ambavyo miaka ya karibuni vimeanza kuonekana katika miji yetu, pamoja na vyuo vinavyovipelekea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, yaani fildi.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sayansi ya chakula. Likizo iliyopita nilikaa wiki nane katika kiwanda kimoja kidogo ambacho sitakitaja, na muda wote huo kazi yangu ilikuwa kuosha mapipa, mabomba na matangi kwa kostiki soda na maji ya moto (miwani ya kukinga macho niliipata wiki ya tatu, baada ya kuiomba mara mbili). Silalamikii kuosha. Sehemu kubwa ya siku ya mpika bia ni usafi, kwa sababu bakteria wachache waliojificha kwenye kiungo cha bomba wanatosha kuharibu bia ya tangi zima. Bibi yangu kule Kibosho, aliyesomesha wanawe kwa fedha za mbege, pombe ya ndizi na ulezi, hakumruhusu mjukuu kusogelea kimea cha ulezi kabla hajaona pipa limesuguliwa hadi chini. Lakini kwa Bibi, aliyesugua pipa jioni ndiye aliyeitwa asubuhi kuonja, akaelezwa kwa nini msesewe, gamba chungu la mti linalotiwa kwenye mbege, umeongezwa au umepunguzwa. Mimi nilimaliza wiki ya nane bila kufunuliwa daftari la mapishi hata mara moja.

Daftari hilo ndiyo kazi yenyewe. Humo huandikwa kimea kilisagwa vipi na kililowekwa katika maji ya joto gani, maana kikilowekwa katika nyuzi 63 hutoa sukari ambayo hamira huila karibu yote na bia ikawa nyepesi mdomoni, ilhali katika nyuzi 69 hubaki utamu na uzito. Humo pia huandikwa vipimo vya uzito wa maji ya kimea ukilinganishwa na maji matupu (ambayo ni 1.000), kabla na baada ya kuchachuka. Yakianza na 1.050 na kuishia 1.010, mpika bia anajua kilevi kimefika asilimia 5 na kidogo. Darasani namba hizi tulizikariri kwa ajili ya mtihani. Kuziona zikigoma kushuka siku ya nne, ukalazimika kuamua kama kosa ni la hamira iliyochoka au la chumba chenye baridi mno, ni elimu nyingine, na hiyo ndiyo mwajiri anayoiulizia.

Marekani, ambako sheria ya mwaka 1978 iliwafungulia watu wazima njia ya kupika bia nyumbani kwa matumizi yao, wengi walioanzisha viwanda vidogo walijifunzia jikoni kwao. Sisi wa hosteli hatuna jiko hilo, na harufu ya kimea kinachochemka haimpiti mlinzi. Vipo vyeti vya taasisi ya wapika bia ya Uingereza, Chartered Institute of Brewers and Distillers (zamani Institute of Brewing and Distilling), vinavyoheshimika sana, lakini cheti peke yake hakimpi mtu uzoefu wa kusimama mbele ya tangi. Kwa mwanafunzi wa kwetu, mlango uliobaki ni fildi.

Najua jibu la wamiliki: tangi moja likiharibika, hasara hiyo haitalipwa na chuo. Ni kweli, na ndiyo maana ombi langu ni dogo. Kila mwanafunzi apewe pishi moja la lita 20, kwenye sufuria, mbele ya macho ya mpika bia, tangu kusaga kimea hadi kuonja, na kila kipimo akiandike kwa mkono wake. Msimamizi wa chuo akija kukagua, aulizie ukurasa huo kabla ya kuulizia sahihi za mahudhurio. Nasi wanafunzi tuache kufika siku ya kwanza tukiulizia maabara iko wapi, kana kwamba ufagio ni wa wengine.

Mwezi ujao nitarudi katika kiwanda kilekile kwa wiki mbili. Nitaosha tena, bila kinyongo. Naomba tu safari hii daftari liachwe wazi mezani.

Mwanafunzi wa Sayansi ya Chakula,
Morogoro