Huyo koni si wa kushikwa, hata kwa upande mpana

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu kimya kwa miaka mingi, na ningeendelea kunyamaza lau si ile makala ya konokono koni, Conus geographus, yule konokono wa baharini mwenye sumu. Eti huishi vilindini, na eti ukimshika upande mpana wa gamba hakudhuru. Yote mawili si kweli.

Huyu hukaa hata kwenye maji mafupi ya miamba ya matumbawe, tangu Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Mchana hujificha mchangani na chini ya mawe; usiku hutoka kuwinda samaki.

Kiongozi mmoja wa matembezi alituokotea koni wa aina hiyo wakati maji yamekupwa. Akaapa kwamba amekufa, akatupa ushauri uleule wa makala yenu. Gamba likapita mkono kwa mkono hadi kwa mpwa wangu, mtoto mdogo, ndipo kitu mfano wa mrija kikachungulia upande mwembamba na kuanza kupapasa. Nilimpiga mtoto kofi la mkono, gamba likadondoka majini, na kiongozi akanigombeza mimi kwa kuharibu mali! Mhariri, mkonga wa mnyama huyu hurefuka na kupinda ukafika karibu kila upande wa gamba lake. Jino lake ni chusa hasa, lina tundu la kupitishia sumu, na hupenya nguo. Vifo vipatavyo 30 vya watu waliochomwa na koni vimeandikwa, vingi vikitokana na huyuhuyu, na dawa ya kuizima sumu hiyo haipo. Daktari atakusaidia kupumua tu, akikuwahi.

Na ile picha! Ncha juu, mdomo kushoto, ilhali gamba lake hujipinda kulia. Mmeigeuza ili ukurasa upendeze. Tena mkaonyesha gamba lililosuguliwa, wakati akiwa hai hufunikwa na utando wa kahawia unaofifisha madoa. Wala sijagusa hao waokotaji wanaopindua mawe ya mwambani na kuyaacha chali, viumbe wa chini yake wakauke juani.

Chapisheni masahihisho ukurasa uleule, picha ikiwa na rula pembeni, maana gamba hufika sentimita 15. Pembeni mwake mwandishi wenu apigwe picha ameshika koni hai, kwa upande mpana.

Msomaji wenu wa siku nyingi