Miti ya Dodoma ihesabiwe Novemba, si Aprili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niseme na walimu wa vyuo vya hapa Dodoma wanaosimamia tafiti za wanafunzi kuhusu mazingira ya jiji. Tangu kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani izinduliwe Desemba 2017, upandaji miti umekuwa mada inayopendwa sana. Kinachoziharibu tafiti hizi ni kalenda. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Mwanafunzi anakusanya takwimu kati ya Februari na Mei, anakuta miarobaini na mijohoro imenawiri, anaandika kwamba mradi umefanikiwa. Kisha chuo kinafungwa. Kinachoua mche ni kiangazi, na wakati huo hakuna anayehesabu.

Mche uliopandwa Januari tuseme umeshika pale tu utakapovuka Novemba ukiwa hai. Kwa hiyo eneo la utafiti lirithishwe: kundi la mwaka huu lipande na kupima, la mwakani lipime miche ileile. Miche 200 inatosha kuanzia. Namba ya kila mche ichorwe kwa msumari kwenye kipande cha kopo la soda, kifungwe kwenye kigingi pembeni. Waya ukifungwa shinani utakata gome mti unaponenepa. Tena, simu isitegemewe kuutambua mche. GPS yake inaweza kukosea mita 5, na miche imeachana mita 3, kwa hiyo utapima wa jirani ukidhani ni uleule. Vuta futi kamba kutoka kona ya jengo au nguzo isiyohama. Kipenyo cha shina kipimwe kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) sentimita 10 juu ya ardhi, na pawekwe alama ya rangi ili anayekuja apime palepale.

Mche uliokufa usiandikwe "umekufa" basi. Ung'olewe, utazamwe. Mizizi iliyojiviringisha kama kamba inaonyesha kiriba, yaani mfuko wa kitalu, hakikuondolewa. Shina lililofunikwa udongo mkavu huku gome limeliwa, hao ni mchwa. Mara nyingi wamefuata matandazo makavu (nyasi au majani ya kufunika udongo) yaliyogusa shina, ambayo yangeachiwa nafasi ya upana wa kiganja. Kilele kilichonyofolewa ni mbuzi. Kila sababu ina tiba yake, na swali la dodoso la "unaridhika kwa kiasi gani na upandaji miti mtaani kwako" haliwezi kuzitenganisha. Dodoso lina kazi yake: litumike kujua nani anamwagilia, na maji anayatoa wapi.

Maji ndiyo hesabu ninayotamani kuiona katika kila ripoti. Nusu ndoo, yaani lita 10, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 30 kuanzia Mei hadi Novemba, ni lita 600 kwa mche mmoja. Miche 1,000 inadai lita 600,000, sawa na safari 60 za boza la lita 10,000. Na jiji hili kwa miongo mingi limetegemea visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, ambalo hujazwa zaidi na ile miaka michache yenye mvua kubwa. Swali la kutafitiwa liko hapo: makinga maji ya nusu mwezi, yaani matuta ya nusu duara ya kuzuia maji ya mvua, yanapunguza lita ngapi? Matandazo je? Mkwaju na mgunga vinahitaji kiasi gani ukilinganisha na mjohoro? Kupima unyevu hakuhitaji mitambo ya gharama. Chota udongo sentimita 30 chini, ufunge kwenye mfuko wa plastiki hapohapo kabla upepo haujaukausha, upime kwa mizani, uukaushe kwenye oveni nyuzi 105 kwa saa 24, upime tena. Uzito uliopungua, gawanya kwa uzito wa udongo mkavu.

Mwisho ni namba zenyewe. Ripoti ikishatiwa jalada gumu huenda rafuni, na jedwali la vipimo linaondoka na kompyuta ya mhitimu. Idara isipokee ripoti yoyote ya miti kabla faili la vipimo na ramani ya vigingi havijakabidhiwa, nakala moja iende kwa ofisa misitu wa jiji. Anayeanza Novemba ijayo aanzie kwenye vigingi hivyo.

Msomaji wako,
Dodoma