Anayeanza na nyumba aanze na chumba cha uani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na vijana wanaotaka kuanza kuwekeza kwenye ardhi na nyumba, maana kila ninapopita nasikia ushauri ule ule, nunua kiwanja hata kama ni porini, kiache hapo kitapanda bei. Mimi nasema kama kwenu uani kuna nafasi tupu anzeni hapo hapo na vyumba viwili vya kupangisha, kiwanja cha mbali kitafuata.

Nasema hivyo kwa sababu mimi nilianza kinyume. Mwaka 2016 mimi na mume wangu tulinunua kiwanja Chanika, 20 kwa 20, milioni 3 na laki 2, hela ya vikoba ya miaka miwili. Dalali alitupeleka Jumapili, tukaonyeshwa mipaka kwa miguu, tukaandikishana mbele ya mashahidi wawili ambao wote walikuja na muuzaji, tukarudi zetu Mbagala tuna furaha kweli. Baada ya mwaka na nusu naenda kufyeka nakuta mtu kashajenga msingi na nondo zimesimama, kumuuliza na yeye ana karatasi, ya muuzaji yule yule, tena yake ina tarehe ya nyuma kuliko yetu. Mama mmoja aliyepakana na kile kiwanja akaniambia mwanangu mngeniuliza ningewaambia, hapa pameuzwa zamani. Nyumba yake ilikuwa hatua kama kumi tu kutoka pale tuliposimama siku ile na hatukumpigia hata hodi. Hela haikurudi mpaka leo.

Tulipopata nguvu tena tukajenga uani kwetu. Vyumba viwili na choo, tofali za inchi sita kama 800, tunanunua kidogo kidogo, mwezi huu mchanga, mwezi ujao simenti, mabati tukasubiri zamu yetu ya mchezo wa kuchangiana hela. Ilichukua miezi 14 ikala milioni 5 na laki 4 hivi. Kila chumba elfu 50 kwa mwezi, kwa mwaka ni milioni 1 na laki 2 kama vyumba havijakaa wazi, kwa hiyo hela inarudi karibu mwaka wa tano, ni polepole ndio lakini usiku nalala naisikia redio ya mpangaji wangu ukutani.

Kinachowashinda wengi sio kujenga ni kuishi na ile kodi ya miezi sita inayoingia kwa mkupuo. Laki 6 ukiipokea yote mkononi unaona umeshatajirika, halafu shimo la choo linajaa mwezi wa tatu na gari la kunyonya linataka hela yake siku hiyo hiyo. Mimi ikiingia tu naitoa ya choo na ya bati kabla sijanunua hata kilo ya nyama. Halafu luku, yaani umeme wa kulipia kabla, jamani luku inagombanisha watu, mmoja ana friji mwingine ana taa moja halafu wachange sawa, hapana, wekeni sabmita mapema, yaani mita ndogo ya kila chumba. Na mjue kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye luku, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, hiyo ni ya mwenye nyumba, kama ananunua mpangaji mrudishieni kwenye kodi yake ya chumba. Na mkataba muandikishane hata kama mpangaji ni mtoto wa shangazi.

Sisemi viwanja visinunuliwe. Kama kimepimwa chukua namba ya kiwanja na kitalu nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi, yaani wakuangalizie kumbukumbu za kiwanja, utajua jina la mwenyewe na kama kimewekwa rehani benki. Kama hakijapimwa nenda siku ya kazi, serikali ya mtaa ukaulize mwenyewe bila dalali, na majirani wa pande zote nne. Muuzaji kama ameoa au ameolewa basi mwenzake naye asaini, wengi wamenyang'anywa kwa hilo tu.

Mwanangu wa kwanza ameanza kazi mwaka huu na ameshaambiwa kuna kiwanja Kisarawe cha kulipa kidogo kidogo. Jumatatu ameomba ruhusa kazini, tunaenda wote kupiga hodi kwa majirani kabla hajatoa hata mia.

Mama mwenye nyumba,
Mbagala, Dar es Salaam