Malalamiko: Kutozwa taiming belti kwa injini ya cheni

Tabata,
Dar es Salaam.
14 Julai 2025

Meneja wa Gereji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTOZWA FEDHA KWA MATENGENEZO YASIYOFANYIKA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, huu ni mwaka wa nne. Tarehe 23 Juni nilileta kwenu gari la familia, Toyota Corolla Spacio ya mwaka 2003, injini ya 1NZ-FE. Shida ilikuwa moja tu: mlio. Upande wa feni belti, ule mkanda wa nje unaozungusha alteneta (ya kuchaji betri) na wota pampu, kulikuwa na sauti ya kusaga, kama mashine ya unga inayozunguka bila mahindi. Ukikanyaga mafuta inapanda, ukiachia inashuka. Nilimweleza fundi wenu yote haya, nikamwomba awashe gari asikie mwenyewe. Hakuwasha. Alifungua boneti, akatazama, akasema, "Hiyo taiming belti, mzee. Ikikatika njiani umeua injini."

Niliogopa, kwa sababu tulikuwa na safari ya Korogwe kwenye harusi, mimi na mke wangu, watoto watatu na mama mkwe. Nikalipa shilingi 465,000: taiming belti 180,000, ufundi 150,000, oili lita 5 na filta 135,000. Risiti yenu ya EFD ninayo.

Gari lilirudi na mlio wake ule ule. Nilipopiga simu nikaambiwa belti ni mpya, nitembee nalo kidogo itazoea. Siku ya nne nikapiga tena, na sasa ikawa beringi za injini zimekwisha, injini ishushwe, niandae milioni moja na laki nane. Ugonjwa ulibadilika ndani ya wiki moja, na mgonjwa hajapimwa hata mara moja. Niliuliza kama naweza kusafiri nalo. Mkasema halina neno, injini itashushwa nikirudi. Jibu hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha.

Tarehe 5 Julai, kabla hatujafika Chalinze, mlio ulikuwa mkali mpaka mwanangu wa miaka 6 akaziba masikio. Tulipoegesha, kulanti, yaani maji ya kupoozea injini, ilikuwa inadondoka chini ya injini.

Kijana mmoja mwenye gereji pale Chalinze alifanya kile nilichowaomba ninyi: alisikiliza. Aliwasha gari, akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye alteneta, mpini akauweka sikioni. Kisha akahamia kwenye wota pampu, akanipa na mimi. Kwenye alteneta kulikuwa na mvumo laini. Kwenye pampu nilisikia msago uliotetemesha mpini mpaka kwenye taya langu. Akazima, akatoa feni belti, akawasha tena kwa sekunde chache tu, maana bila belti hiyo pampu haisukumi maji. Injini ilitulia, kusaga hakuna. Beringi za injini zingekuwa ndizo zilizokufa, sauti yake isingeondoka kwa kutoa feni belti. Mwisho akashika puli ya pampu akaitikisa, ikacheza mkononi. Pembeni yake kulikuwa na madoa mekundu ya kulanti iliyokauka, na madoa yaliyoganda namna ile si ya siku moja. Kazi yote hiyo haikuzidi robo saa, na kifaa alichotumia ni bisibisi na spana.

Nikamwonyesha risiti yenu. Aliisoma mara mbili, akaniambia taratibu, "Mzee, injini hii haina taiming belti. Hii ni ya cheni." Yaani kazi ya taiming belti, ya kufungua na kufunga valvu kwa wakati wake, hapa inafanywa na cheni ya chuma iliyo ndani ya injini.

Niliporudi nimeuliza kwa mafundi wengine wawili na wote wamesema hivyo hivyo. 1NZ-FE ndiyo iliyomo kwenye IST nyingi zinazopita mlangoni kwenu kila siku, hivyo fundi wa gari hawezi kuniambia hakujua. Kifuniko cha mbele cha cheni hakijaguswa: gundi yake ni ya zamani, na vumbi lililoshikana na oili limeziba vichwa vya bolti. Basi ile 180,000 ilinunua nini, na ile 150,000 ya ufundi ilifanya kazi gani? Na kuhusu oili, injini hii pamoja na filta inachukua lita 3.7. Iliyobaki kwenye galoni sikupewa.

Pampu mpya ililetwa na basi kutoka Kariakoo, ikafika jioni. Nililipa 85,000, na ufundi 30,000. Mlio umekwisha kabisa. Lakini tulilala Chalinze watu sita, na mama mkwe hakuiona ndoa ya mjukuu wake wa kwanza. Usiku ule hakusema neno. Alikunja tu kitenge alichokuwa amekiandaa, akakirudisha kwenye begi.

Ninadai nirudishiwe 330,000 za belti na ufundi wake, na maelezo ya maandishi kutoka kwako, yanayosema ni kazi gani ilifanyika kwenye gari langu tarehe 23 na 24 Juni. Nawapa siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani (FCC), kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji anayepewa maelezo ya kupotosha kuhusu huduma aliyoilipia.

Nimeambatanisha nakala ya risiti yenu, risiti za Chalinze na picha za kifuniko cha cheni. Pampu ya zamani nimeihifadhi nyumbani. Fundi aliyenihudumia namkaribisha aje aizungushe kwa mkono wake.

Mteja wenu,
Mwenye Spacio, Tabata